T4 iko juu na TSH haishuki: dada anywe ayodini ya mionzi?

MkaaLangoni
Assalam aleikum. Niko Amu, naomba ushauri juu ya dada yangu wa miaka 34. Tangu mwaka jana moyo wamwenda mbio, mikono yamtetemeka, amekonda, na shingo imetoka rovu. T4, homoni ya tezi ya shingo, iko juu lakini TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, haikushuka. Alipewa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, miezi minne. T4 ikapungua kidogo, TSH ikapanda zaidi na rovu likakua. Sasa aambiwa anywe ayodini ya mionzi ili tezi ife. Kichwa chamuuma, na juzi kichochoroni alimpamia punda aliyekuwa ubavuni mwake, asema hakumuona. Tukubali?

FundiMaabara_Malindi
Rudieni vipimo kwingine, kwa mashine ya aina nyingine. Kuna antibodi, yaani kingamwili, za damuni zinazohadaa mashine.

TabibuMstaafu
Waalaikum salaam, mwanangu. Ayodini msikubali bado.

TSH hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama mbaazi chini ya ubongo. Homoni ya shingo ikizidi, huingia ndani ya seli za pituitari, hushika kipokezi chake, na jeni ya TSH hufungwa. Ni kama boya la tangi: maji yakijaa, bomba hufunga. Kwa ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili ndiyo inayoichochea tezi ya shingo, TSH huwa karibu na sifuri. Ya dada yako haikushuka, basi boya limekwama.

Huenda ana uvimbe wa pituitari unaomwaga TSH. Ni nadra, kama 1 katika kila 100 ya uvimbe wa tezi hiyo. Katika baadhi yake kipokezi kimekutwa na kasoro iliyo ndani ya uvimbe tu, hausikii amri ya kunyamaza. Ukiiua tezi ya shingo, uvimbe hupoteza hata breki kidogo iliyobaki na huweza kukua.

La punda ndilo lanitia wasiwasi. Uvimbe ukipanda hubana mishipa ya macho, mtu akakosa kuona pembeni. Afanyiwe MRI ya pituitari na apimwe uoni wa pembeni, upesi. Ukionekana, mara nyingi hutolewa kupitia puani. Ziko pia sindano za oktreotaidi, za kuupunguzia uvimbe umwagaji wa TSH.

Kwenu kuna mwengine mwenye rovu? Kasoro ya kipokezi huweza pia kurithiwa, ikawa mwili mzima, na majibu ya damu yakafanana na haya.

MkaaLangoni
Mama analo tangu ujana. Hajapimwa kamwe.

TabibuMstaafu
Apimwe T4 na TSH. Lakini MRI ya dada isimngoje mama.

MkaaLangoni
Kesho alfajiri twavuka Mokowe, twapanda basi la Mombasa. Mama yumo safarini.