Neno "run" kwenye kijitabu cha pampu: mbona kila sentensi linabadilika?

Kinyungu wa Kilolo

Kamwene wakuu. Kuna kijitabu cha pampu ya petroli ya inchi 2, zile za kuvuta maji bondeni kupeleka kwenye vinyungu, yaani bustani za kiangazi. Ni Kiingereza kitupu, na kinatakiwa kigeuzwe kiwe karatasi mbili za Kiswahili za kubandika ukutani kwenye ghala la kikundi, ili kila anayechukua pampu asome kwanza. Kazi ingekuwa imekwisha kama si neno moja tu, run. Kamusi inasema kukimbia. Programu ya kutafsiri kwenye simu nayo inang'ang'ania hapo hapo, ndiyo maana sentensi ya kwanza imetoka "Kimbia injini kwa dakika tatu". Sentensi zenyewe:

1. Run the engine for three minutes before opening the throttle.
2. Never run the pump dry.
3. Keep the hose run as short as possible.
4. Before storage, close the fuel valve and run the carburetor dry.
5. At high altitude the engine may run rich.
6. Do not run the engine in a closed room.
7. Change the oil after the run-in period.

Ya 2 na ya 4 ndizo zinazovuruga zaidi. Moja inakataza, nyingine inaamuru, na maneno ni yale yale. Mwenye kujua atusaidie.

Fundi Plagi

Weka "endesha" kote, mambo yaishe. Endesha injini, endesha pampu. Nani asiyeelewa?

Mwalimu Uyole

Mkuu Fundi, "endesha" inaingia kwenye ya 1 na ya 6, basi. Ukiibandika kwenye ya 2 unapata "usiendeshe pampu kavu", na msomaji atajiuliza pampu inayovuta maji mtoni itakuwaje kavu. Atachukua kitambaa aifute nje. Halafu tusisahau kwamba mtu akisema "toka jana anaendesha", hakuna anayefikiria gari; anapelekewa maji ya chumvi na sukari. Kiingereza nacho kina the runs kwa ugonjwa huo huo, kwa hiyo hapo lugha mbili zimekutana bila kupanga.

Kuhusu "Kimbia injini": kimbia ikifuatwa moja kwa moja na kitu, maana yake ni kukikwepa. Mtu anakimbia moto, anakimbia deni. Karatasi yenu ingewaamuru wanakikundi waitoroke injini dakika tatu kisha warudi. Na "kimbiza injini" haisaidii, maana hiyo ni kuipandisha kasi, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa pale.

Njia ya kulishika run ni kuacha kulitafutia neno moja. Uliza mambo mawili. Kwanza, ni nani au nini kinachokwenda: mtu, mashine, maji, waya, muda? Pili, lina kitu cha kutendwa mbele yake au halina? The engine runs halina, kwa hiyo injini yenyewe inafanya kazi. Run the engine linacho, kwa hiyo kuna mtu anayeambiwa aiwashe na aiache ifanye kazi. Mzizi wake wa zamani ulibeba kukimbia na kutiririka kwa pamoja, na Kijerumani hadi leo rinnen ni kutiririka tu. Ndiyo maana maji yana-run, rangi mbichi ukutani ina-run ikichuruzika, na waya una-run kutoka nguzo hadi nyumba. Chochote kinachokwenda bila kukatika, Mwingereza anakihesabu kwamba kinakimbia.

Sasa sentensi zako.

Ya 1: "Ukishawasha, iache injini iungurume sailensa dakika 3, ndipo uongeze resi." Sailensa ni ule muungurumo wa chini kabla hujaongeza resi. Kijitabu hakijataja sailensa, lakini kimesema kabla ya kufungua resi, kwa hiyo ndiyo hiyo. Sababu ni oili: imelala chini, inahitaji muda kupanda na kulainika, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai huku kwetu.

Ya 6: "Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa." Hapa ongeza sababu hata kama kijitabu hakikuitoa: moshi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa anadhani ni usingizi. Kufungua mlango mmoja hakutoshi.

Ya 3 si kitenzi. Hose run ni nomino, ni urefu wa mpira kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia yake. "Mpira uwe mfupi kadiri inavyowezekana." Wanaosoma haraka wanatafsiri "mpira ukimbie kwa kifupi".

Ya 2 na ya 4 nawaachia mafundi waseme kinachotokea ndani, kwa sababu bila kujua hilo tafsiri haitasimama.

Fundi Plagi

Haya, endesha nimeirudisha stoo.

Dry ya sentensi ya 2 inahusu maji. Dry ya 4 inahusu petroli. Ndiyo siri yote.

Ya 2: ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifuate shafti kuelekea kwenye injini. Ina nyuso mbili zinazosuguana, na kinachozipoza ni maji yale yale yanayopita. Ukiwasha pampu tupu nyuso zinapata moto, zinapasuka au kuungua, na baada ya hapo utaona maji yanadondoka kati ya pampu na injini. Hata zile zinazojivutia maji zenyewe zinahitaji kujazwa kwanza kupitia kifuniko cha juu. Kwa hiyo andika: "Usiwashe pampu kabla ya kuijaza maji. Maji yakikatika, zima mara moja." Hilo la kuzima watu wanalisahau: chujio likizibwa na majani au likitoka juu ya maji, pampu inakauka huku inaunguruma vizuri tu.

Ya 4: unafunga koki ya mafuta, unawasha, unaiacha sailensa hadi izime yenyewe kwa kukosa petroli. Kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, matone yaliyobaki yadondokee kwenye kopo. Petroli ikikaa wiki nyingi humo inageuka gundi na kuziba jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli. Ukija kuvuta kamba baada ya mvua, injini inawaka ukiwa umefunga choki tu, ukiifungua inazima. Hiyo ni jeti.

Mama Mbarali

Fundi, hapo pana mtego ambao kijitabu chenyewe hakijausema. Ukifanya ya 4, injini inafanya kazi na pampu inazunguka. Kama umeshamwaga maji ya pampu kwa ajili ya kuhifadhi, umetii ya 4 na kuvunja ya 2 kwa wakati mmoja. Karatasi lazima itoe mpangilio: malizia petroli ya kabureta wakati pampu bado ina maji, kisha ndipo ufungue kizibo cha chini umwage maji. Watu wa Makete na juu kule Kitulo wasiruke kumwaga, barafu ya usiku ikigandisha maji ndani inapasua mwili wa pampu.

Fundi Plagi

Kweli kabisa. Mpangilio huo usibadilishwe.

Kinyungu wa Kilolo

Ndaga fijo, hilo lisingeonekana kwa kutazama maneno peke yake. Kuna dry run pia, ipo ukurasa wa mwisho: "Do a dry run with all operators." Nayo ni kavu ipi tena?

Mwalimu Uyole

Hiyo ni kavu ya tatu, haina uhusiano na maji wala petroli. Dry run ni mazoezi: mnapitia hatua zote bila kufanya kazi yenyewe. "Fanyeni zoezi pamoja na wote watakaotumia pampu." Kwenye karatasi ile ile ambayo run dry ni marufuku! Mtafsiri anayekwenda neno kwa neno angewaambia wanakikundi wote wakusanyike waiwashe pampu bila maji.

Mama Mbarali

Nigusie ya 5 maana ndiyo inayotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko wote. Run hapa haina kitu mbele yake, ina sifa: rich. Ikifuatwa na sifa, run inaeleza hali ya mashine ikiwa kazini. Run hot, inapata moto kupita kawaida. Run rough, inakohoakohoa. Run rich siyo tajiri wala siyo nzuri, ni mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko hewa. Kinyume chake ni lean, hewa nyingi petroli kidogo.

Kwa nini mwinuko? Hewa ya juu ni nyepesi, ila jeti inatoa petroli ile ile kama iko Dar. Dalili: moshi mweusi, plagi inakuwa na masizi makavu meusi, mafuta yanaisha mapema. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Hata ukibadilisha jeti, nguvu inapungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo hesabu karibu asilimia 20 zimekwenda. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni karibu asilimia 30. Pampu iliyoandikwa nguvu farasi 5.5 msiitegemee kwa 5.5.

Na sentensi ya 3 msiipunguze kuwa "mpira mfupi" tu. Semeni mpira wa kunyonya. Kinachopandisha maji hadi kwenye pampu ni uzito wa hewa. Usawa wa bahari hewa inaweza kusukuma maji mita 10.3 kinadharia, Mbeya inabaki kama 8.4, na kwa vitendo ni chini ya hapo. Kijitabu kikisema inanyonya mita 7, kiliandikwa kwa mtu wa pwani. Ninyi toeni karibu mita 2. Sogezeni pampu karibu na maji, urefu uende upande wa kusukuma. Na huo wa kunyonya uwe mpira mgumu, ule laini unajikunja na kufunga njia.

Msomaji Tukuyu

Ya 7 imesahaulika. Run-in ni saa za mwanzo za injini mpya, vyuma vinapozoeana. Andika: "Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza." Injini ndogo nyingi za petroli ziko hapo, ila thibitisha kwenye jedwali la kijitabu. Oili ya kwanza inabeba vumbi la chuma, ndiyo maana haingojwi hadi saa 100 kama zinazofuata.

Swali la pembeni: hizi maana za run zina mwisho kweli? Run out, run over, run for, run off…

Mwalimu Uyole

Kwenye toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford, lililoongoza lilikuwa set, likiwa na maana 430. Baadaye mhariri Peter Gilliver alilishughulikia run upya kwa miezi 9 na akafika maana 645 kwa kitenzi peke yake. Mashine zimelisaidia sana kupanda: injini, treni, programu za kompyuta, vyote vina-run.

Za kwako kwa haraka. Run out of ni kuishiwa: we ran out of fuel, tumeishiwa mafuta. Run over ni kumgonga mtu na gari, au kikao kupitiliza muda. Run for ni kugombea, kwa mfano udiwani. Run-off yenye kistari, kwenye vitabu vya kilimo, ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama. Kwenye habari za uchaguzi ni duru ya pili. Na saa ya mkononi ikiwa runs fast, hapo hatimaye kamusi ya Kinyungu inapata haki yake: saa inakimbia.

Tusimcheke Mwingereza lakini. Mgeni anayejifunza kwetu anakutana na piga pasi, piga deki, piga simu, piga picha, piga mswaki, piga resi, na hakuna aliyeumizwa popote.

Kinyungu wa Kilolo

Karatasi imekaa hivi, semeni kama kuna kasoro:

"KABLA: Jaza maji kwenye pampu, funga kifuniko. Toa pampu nje. KUWASHA: Iache sailensa dakika 3, ndipo uongeze resi. Mpira wa kunyonya uwe mgumu na mfupi. KAZINI: Maji yakikatika, zima mara moja. Ukiona moshi mweusi, mwite fundi aangalie jeti. KUHIFADHI: (1) Pampu ikiwa bado ina maji, funga koki ya mafuta, iache injini izime yenyewe. (2) Mwaga petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. (3) Mwaga maji ya pampu. OILI: Badilisha baada ya saa 20 za kwanza."

Fundi Plagi

Safi. Kwenye KUHIFADHI namba 2 ongeza "injini ikishapoa". Petroli inadondoka karibu na ekzosi, na ekzosi dakika ile ni moto.

Mama Mbarali

Na kwenye "Toa pampu nje" malizieni "kabla ya kuwasha". Kuna atakayewasha ndani ghalani kisha aikokote.