Hivi kale katoto Jean I wa Ufaransa kangepona, Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vingekuwepo?

kalamukavu: Wakuu habari za jioni. Mfalme Louis X kafa Juni 1316, mkewe Clémence ana mimba, nchi nzima inasubiri tumbo. Novemba 15 kakazaliwa kadume, kafalme tangu siku ya kwanza, siku tano tu hakapo. Baba mdogo Philippe akavishwa taji Reims Januari 1317. Sasa kangepona je? Mi naona Edward III wa Uingereza, aliyedai taji la Ufaransa kupitia mama yake, dada yake Louis, asingekuwa hata na pa kuanzia.

mzee_wa_tarehe: Mbona umemruka dada mtu, Jeanne? Alikuwepo, mtoto wa mke wa kwanza, ila mama yake Marguerite alishikwa kwenye ile kashfa ya ugoni 1314 akafungwa kwenye ngome ya Château Gaillard akafia humo humo, watu wakaanza kunong'ona huyu binti si damu ya Louis, baba mdogo akapita na uchochoro huo huo. Februari 1317 wakubwa wakakaa Paris wakasema mwanamke harithi taji. Sheria ya Salic mnayoipenda, ile ya kale inayotajwa kuwazuia wanawake, ilikuja kuchomekwa baadaye sana, pale ni ubabe tu. Na ikamrudia mwenyewe maana 1322 kafa kaacha mabinti watupu, akachukua mdogo wake Charles 😂

mpwa_wa_mkongwe: Vita vingekuja tu. Ugomvi ni Gascony, kule kusini-magharibi mwa Ufaransa, mfalme wa Uingereza ana ardhi Ufaransa kwa hiyo inabidi apige magoti kwa mfalme mwenzie, nani anapenda? 1324 walishazichapa kwa ajili ya huko huko na taji halikuwemo kwenye mazungumzo kabisa. 1337 Philippe VI, mfalme wa Ufaransa wakati huo, akainyang'anya, moto ukawaka.

Ila bila dai la taji Edward angepata shida na washirika wake wa Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo. Wale mfalme wa Ufaransa ndo bwana wao, wangemuasi vipi? Ndo maana Januari 1340 kajitangaza mfalme wa Ufaransa pale pale kwao Ghent, wapate pa kusimamia. Katoto kakipona hiyo hana, inabaki vita ya mpakani.

kalamukavu: Flanders hapo umenimaliza mkuu, sikuwaza kabisa.

bintisayari: Nyie mnauliza kangepona wakati kuna jamaa wa Siena, Italia, mfanyabiashara, Giannino, alidai hakajafa, yeye ndo Jean mwenyewe, eti watoto walibadilishwa. Ni miaka ya 1350 hiyo. Akaishia jela Naples.

mzee_wa_tarehe: Angalau yeye alijaribu 😂