Naombeni ushauri: vidonge vya dondoo la matunda kwa ajili ya kumbukumbu, vinasaidia kweli au tunaliwa pesa?

Karani_Mkongwe
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi. Nina miaka 54, kazi yangu ni hesabu, kutwa niko na majedwali. Kwa muda sasa ikifika saa nane mchana akili inagoma. Narudia safu moja ya namba mara tatu, nikihamia ukurasa mwingine imeshatoka kichwani. Majina ya watu ndiyo usiseme: sura naijua, jina liko kwenye ncha ya ulimi na halitoki.

Kuna mwenzangu kazini ananipigia debe kidonge cha dondoo la beri. Anasema kina polifenoli (kemikali za asili za mimea), inafungua mishipa ya ubongo na kumbukumbu inarudi kama ya mwanafunzi. Kwenye kopo pameandikwa "mchanganyiko maalumu wa matunda, miligramu 600", basi, hakuna zaidi. Bei imechangamka, na anataka nichukue dozi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Je, jambo hili lina ushahidi au ni porojo? Na kama hizo polifenoli zimo kwenye matunda, kwa nini nisile tunda lenyewe au ninywe juisi? Wenye utaalamu msipite kimya.

Pilipili_Kali
Mkuu, saa nane mchana baada ya kushiba hata mimi kijana akili inagoma. Dawa yake inaitwa usingizi wa nusu saa, bosi tu ndiye hataki kuiandika.

Binti_Maabara
Si porojo, ila chumvi imezidi.

Majaribio ya kweli yapo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kiliwapa wazee 37 wenye afya nusu lita ya juisi ya machungwa kila siku kwa wiki 8, kisha kikalinganisha na kipindi walichokunywa juisi yenye kiasi kidogo cha flavanoni, yaani polifenoli za machungwa na jamii yake. Alama zao za jumla za akili zilipanda, lakini kwa kiasi kidogo, si kwamba mtu alianza kukariri kitabu. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya bluberi pori: watu 61 wa miaka 65 hadi 80, wiki 12, nusu yao wakinywa unga wa bluberi. Wa bluberi walikumbuka vizuri zaidi maneno waliyotoka kusomewa, na namba ya juu ya presha yao ilishuka kidogo.

Hapo kwenye presha ndipo penye utamu. Watu hudhani polifenoli inapanda moja kwa moja hadi kichwani. Sehemu kubwa hata hainyonywi kwenye utumbo mwembamba. Inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaivunjavunja, na hivyo vipande ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Vikishaingia, ukuta wa mishipa unatengeneza nitriki oksaidi zaidi, mishipa inatanuka, damu inapita vizuri. Ubongo ni mlaji mkubwa wa damu, kwa hiyo unafaidika pamoja na moyo. Na kwa kuwa bakteria wa tumboni mwangu si wako, tunaweza kula bakuli moja na tusipate kitu kimoja.

Sasa hilo kopo. Unga wa bluberi kwenye jaribio ulikuwa gramu 26 kwa siku, na ndani yake anthosianini, ile polifenoli yenye rangi ya zambarau, ilikuwa miligramu 302. Wewe ni mtu wa hesabu, piga mwenyewe: kama kidonge chako ni unga wa kawaida wa aina hiyo, kwenye miligramu 600 utapata kama miligramu 7. Kama ni dondoo lililokolezwa inaweza kuwa zaidi, lakini basi waandike ni kiasi gani. Kopo linalotaja uzito wa mchanganyiko bila kutaja kilichomo halijakwambia kitu.

Mzee_Kigugumizi
Naunga mkono, ila dada umeruka majaribio makubwa. Watu 61 si wengi. Kwenye jaribio liitwalo COSMOS, Marekani, wazee walipewa flavanoli (aina nyingine ya polifenoli) za kakao miligramu 500 kila siku (kakao ni mbegu ya tunda, kwa hiyo naihesabu). Tawi moja lililotoa matokeo mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya 2,000: kakao haikusaidia akili. Tawi jingine, 2023, watu zaidi ya 3,500: kwa wastani hakuna kitu.

Na tujue nani analipa. COSMOS ilipata msaada wa Mars, watengenezaji wa chokoleti. La bluberi lilisaidiwa na chama cha wazalishaji wa bluberi pori. Sisemi wamedanganya, maana COSMOS ilitangaza matokeo yasiyowapendeza waliosaidia. Ila nikisikia "utafiti umethibitisha" huwa nauliza kwanza hilo.

Binti_Maabara
Mzee wangu, umesema kweli, lakini malizia. Kwenye hilo tawi la 2023, wale waliokuwa wanakula vibaya na flavanoli zao zikiwa chini tangu mwanzo, kumbukumbu yao ilipanda. Wanaokula vizuri hawakuongeza kitu. Kwa hiyo Karani, swali la kwanza si kopo. Ni unakula matunda kiasi gani sasa hivi?

Karani_Mkongwe
Ukweli? Kwa wiki labda tunda moja, siku nikikumbuka. Asubuhi chai, mchana chochote. Naweza kuanza kusaga ndizi na beri kwenye blenda niwe nakunywa njiani?

Bi_Mkubwa_Jikoni
Mwanangu, ndizi itoe humo. Unaona ndizi au tufaha likikatwa linavyogeuka kahawia? Hicho ni kimeng'enya kinachokula hizo hizo polifenoli. Watafiti walijaribu mwaka 2023: kinywaji kilichosagwa na ndizi kilipunguza flavanoli zinazofika kwenye damu kwa asilimia 84. Beri peke yake hazikuwa na shida hiyo. Ndizi ni tunda zuri, kula saa nyingine.

Pilipili_Kali
Asilimia 84! Miaka yote hii ndizi inatuchekea tu.

Nesi_Mstaafu
Naomba niwakatize. Mtu mwenye miaka 54 anasema majina yanamtoka na mchana anazimika, na sisi tunajadili blenda. Karani, samahani kwa kuuliza mbele ya watu: unatumia dawa yoyote? Usingizi ukoje, unakoroma? Presha umepima lini?

Karani_Mkongwe
Sina cha kuficha. Nina sukari, nameza metformin miaka mingi, na simvastatin ya kolesteroli. Presha ni ya kawaida. Kukoroma mke wangu ndiye shahidi, na shahidi amechoka.

Nesi_Mstaafu
Basi mambo yamebadilika. Metformin ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua kumbukumbu na umakini vinayumba. Omba kipimo cha damu, na tezi ya shingo waiangalie papo hapo. Kukoroma nako kutaje kwa daktari, hasa kama mkeo anaona pumzi inakatika usiku. Mtu wa hivyo analala kwa muda wa saa nane nzima na anaamka amechoka, hakuna beri itakayomfaa.

Juisi achana nayo, nusu lita kila siku kwa mwenye sukari si ushauri. Kula tunda zima na nyuzinyuzi zake, kiasi cha kiganja, beri au chungwa, na upime sukari saa mbili baadaye uone mwili wako unasemaje.

Karani_Mkongwe
Nimekuelewa dada. Na mabalungi? Nayapenda, na nimesoma yana flavanoni nyingi.

Nesi_Mstaafu
Kwa simvastatin, hapana. Balungi linazuia kimeng'enya kinachoivunja hiyo dawa, dawa inajaa mwilini na misuli inaweza kuharibika. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo. Na hicho kidonge cha mwenzio, kabla hujatoa hata senti, hakikisha kopo linataja matunda yaliyomo moja moja. Kama halitaji, huwezi kujua kama balungi halimo.