Tupeane uzoefu: ada ya mwaka kwenye ghala la kununua kwa jumla inalipa au hailipi?

Mleta mada, Ipagala

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa ya jirani, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limeugawa mtaa wetu. Baadhi ya majirani, wengi wao wakiwa watumishi na wafanyabiashara wadogo, wanapendekeza tukodi ghala, tununue mchele, mahindi, mafuta, sukari na sabuni kwa bei ya jumla, kisha tuuziane wenyewe kwa wenyewe kwa faida ndogo sana. Ili kulipia pango, mlinzi na mtunza stoo, kila kaya italipa ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka, na kaya isiyolipa haitaruhusiwa kununua. Wanaounga mkono wanatoa mfano wa maduka makubwa ya Marekani ambayo huwezi kununua kitu bila kadi ya uanachama. Wanaopinga wanasema bei ya jumla ipo Soko la Majengo na Soko la Ndugai bila mtu kudaiwa ada yoyote.

Naomba kila atakayechangia aeleze jambo alilolifanya au kulishuhudia mwenyewe, pamoja na hesabu yake ikiwezekana, kwa sababu kikao chetu kimekuwa na maneno mengi na namba chache, na kwa kaya nyingi shilingi 60,000 ni ada ya mtoto ya mtihani au nauli ya wiki kadhaa.

Mchangiaji wa Kisasa, aliyewahi kuishi Marekani

Niliishi Texas kwa miaka kadhaa na nilikuwa mwanachama wa Costco, mojawapo ya maduka hayo ya kadi, kwa hiyo nieleze jinsi mfumo huo unavyofanya kazi kule kabla hatujauiga nusunusu. Ada ya kawaida imekuwa dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na ngazi ya juu ni dola 130. Wa ngazi ya juu hurudishiwa asilimia 2 ya manunuzi yake, ila marejesho hayo hayazidi dola 1,250 kwa mwaka. Hesabu yake ni rahisi: ile nyongeza ya dola 65 hujirudisha pale tu unapofikisha manunuzi ya dola 3,250 kwa mwaka, yaani takriban dola 271 kila mwezi. Asiyefika hapo abaki kwenye ngazi ya chini, na kampuni yenyewe hurudisha ada kwa mwanachama ambaye hakuridhika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba faida kubwa ya kampuni hiyo hutokana na ada kuliko bidhaa. Nyongeza juu ya bei ya kununulia hudhibitiwa isizidi takriban asilimia 14 au 15, na ghala moja huwa na aina kama 4,000 tu za bidhaa, wakati supamaketi ya kawaida kule huwa na makumi ya maelfu. Kwa sababu aina ni chache, kila moja hununuliwa kwa wingi mno, na mwenye kiwanda hukubali kushusha bei. Kikundi chenu kikitaka kuleta kila kitu ambacho kila mama ameomba, nguvu hiyo itapotea.

Niongeze historia kidogo, kwa maana inatuhusu. Ghala la kwanza la namna hiyo lilikuwa Price Club, lililofunguliwa San Diego mwaka 1976 ndani ya jengo lililokuwa banda la ndege, na mwanzoni lilihudumia wenye biashara ndogo tu. Familia za kawaida ziliruhusiwa baadaye. Costco ilianza Seattle mwaka 1983, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 1993. Kwa hiyo mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya mtu anayenunua ili auze au apike kwa biashara, na mpaka leo ndiye anayenufaika nao zaidi.

Kwa upande wetu, Watanzania tuliokuwa jirani tulikuwa tukigawana mfuko wa mchele wa pauni 50, ambao ni karibu kilo 23. Ada ilinilipa kwa sababu ya mchele, mafuta ya gari na nepi za mtoto. Vitu vingine vilivyokuwa vinapendeza machoni sikuvihesabu kamwe kuwa akiba, kwa sababu nisingevinunua kama nisingeingia mle ndani.

Mchangiaji wa Majengo, mama lishe

Kaka wa Kisasa amesema kweli kuhusu sisi wapishi. Mimi hutumia mafuta, mchele na unga kila siku, na dumu la lita 20 halikai muda mrefu jikoni kwangu, kwa hiyo tofauti ya shilingi 300 kwa lita naiona mfukoni ndani ya mwezi uleule. Ila naomba mleta mada azingatie jambo hili: mtu kama mimi tayari nina muuzaji wangu wa jumla, ananijua, na siku ambayo biashara haikwenda vizuri ananipa mzigo nikalipe keshokutwa. Ghala la wanachama litakalodai fedha taslimu kila mara lazima lishushe bei chini ya ile ya muuzaji wangu, tena kwa kiasi cha kufidia mkopo huo, ndipo nitakapohama. Likishindwa, nitalipa ada na bado nitaendelea kununua kulekule.

Mchangiaji wa Kibaigwa, mfanyabiashara wa nafaka

Nimesoma mada hii kwa makini sana kwa kuwa mahindi ndiyo kazi yangu. Ukanda wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mavuno huingia sokoni kuanzia Mei mpaka Julai. Wakati huo magari hujaa hapa Kibaigwa na bei hushuka. Ikifika Januari na Februari, wakulima wengi wameishiwa na bei imepanda. Kaya inayonunua debe moja moja mwaka mzima hulipa kidogo mwezi wa saba na hulipa sana mwezi wa pili, wakati kaya iliyonunua magunia yake yote baada ya mavuno imelipa bei moja ya chini. Hakuna bidhaa nyingine katika orodha yenu yenye tofauti kubwa namna hiyo kati ya msimu na msimu, na hapo ndipo fedha ya ada itakapopatikana au kupotea.

Lakini kununua ni nusu ya kazi. Mahindi yakiingia ghalani yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na sisi wa ukanda huu hatupaswi kulisahau jambo hilo kwa sababu ya kutafuta nafuu ya bei. Hakikisheni mahindi yamekaushwa vizuri, yapimwe unyevu usizidi asilimia 13.5, yapangwe juu ya chaga za mbao na si kwenye sakafu, na yasiegemee ukuta.

Adui wa pili ni dumuzi. Gunia la kawaida halimzuii hata kidogo. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye matabaka mawili ya nailoni ndani na kiroba nje, huwaua wadudu kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, mradi ifungwe vizuri na panya wasiitoboe. Bei ya mifuko hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Pia msikubali lumbesa wala kupimiwa kwa macho; nunueni kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Mchangiaji wa Singida

Kuhusu mafuta ya alizeti niseme kwa kifupi. Huku kwetu mashine za kukamua ni nyingi na mafuta huuzwa kwa madumu kando ya barabara, kwa hiyo ghala lenu linaweza kuyapata karibu na chanzo. Msinunue ya miezi mingi kwa mara moja. Mafuta yasiyosafishwa hubadilika harufu yakikaa kwenye joto na mwanga, na kiangazi cha Dodoma mnakijua. Miezi miwili inatosha.

Mchangiaji wa Chang'ombe

Shikamooni wote. Naomba nizungumze kwa niaba ya kaya ambazo hazipokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Mume wangu ni fundi ujenzi na kipato chetu huja kwa siku. Kwa Mangi wetu wa hapa mtaani nanunua robo ya mafuta na nusu kilo ya sukari, na siku ambayo kazi haikupatikana anaandika kwenye daftari. Najua kabisa kwamba kwa kilo namlipa zaidi ya anayenunua kiroba, lakini ile ziada ndiyo bei ya kukopeshwa, na sijaona ghala litakalonikopesha nusu kilo.

Hata hivyo sisi pia hununua kwa jumla, ila kwa njia nyingine. Katika kikoba chetu kila mwanachama huweka kiasi kidogo kila wiki kwenye mfuko wa chakula, na kabla ya sikukuu viongozi huenda kununua mchele, sukari na mafuta kwa pamoja, kila mtu akachukua kulingana na alichoweka. Hakuna pango, hakuna mlinzi, kwa sababu mzigo hugawanywa siku ileile unaposhushwa kwenye kirikuu. Kama mngeweka ada ya kulipa kidogo kidogo na ugawaji wa siku moja, kaya kama yangu ingejiunga. Shilingi 60,000 kwa mkupuo zinatufungia mlango wa kitu ambacho sisi ndio tungekihitaji zaidi.

Mchangiaji wa Mpwapwa

Vijana wangu, mimi nilikuwa mtu mzima wakati wa Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya ushirika yalipewa nafasi ya maduka ya watu binafsi vijijini. Nia ilikuwa njema na bado naiheshimu. Duka la kijijini kwetu lilisimama kwa sababu mtunza hesabu hakukaguliwa, na pia kwa sababu wanachama hawakuwa na namna ya kujua ni mzigo gani umeingia na ni upi umetoka. Kabla ya kuzungumzia ada, amueni ni nani atakayeshika funguo, nani atakayeshika daftari la stoo, na kwamba hao wawili wasiwe mtu mmoja. Mkitaka kuwa ushirika kamili, ipo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika makao yake makuu yapo hapohapo Dodoma; nendeni mkaulize masharti mapema.

Mleta mada, Ipagala

Marahaba dada wa Chang'ombe, na shikamoo mzee wetu wa Mpwapwa. Nimekaa na mke wangu tukaandika hesabu ya kaya yetu ya watu sita kwa kufuata michango hii, na matokeo yake yamebadilisha kabisa namna ninavyoliona pendekezo la majirani zangu. Bei nilizotumia ni makadirio, kila mtu aweke zake.

Tukichukua nafuu ya shilingi 300 kwa lita ya mafuta, na sisi hutumia lita tano kwa mwezi, akiba ya mwaka ni shilingi 18,000. Mchele kilo 20 kwa mwezi kwa nafuu ya shilingi 150 kwa kilo hutoa shilingi 36,000. Sukari kilo tano kwa mwezi kwa nafuu ya shilingi 100 hutoa shilingi 6,000, na sabuni tumeikadiria shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 72,000, na kwa haraka mtu angesema ada ya 60,000 imelipa. Lakini kubeba mizigo hiyo kwa bajaji mara moja kwa mwezi kwa shilingi 2,000 ni shilingi 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo kinachobaki ni shilingi 48,000, pungufu ya ada kwa shilingi 12,000. Kwa vitu hivi vinne, ghala la mwaka mzima halitulipi.

Mahindi ndiyo yanayogeuza hesabu. Magunia manne ya kilo 100 yakinunuliwa baada ya mavuno, kwa tofauti ya shilingi 20,000 tu kwa gunia ukilinganisha na bei ya Februari, ni shilingi 80,000; nikitoa shilingi 20,000 za mifuko isiyopitisha hewa, zinabaki shilingi 60,000. Nafuu hiyo huja kwa kununua mara moja kwa mwaka, na mahindi yakishafungwa vizuri kila kaya inaweza kuyatunza nyumbani kwake. Kwa maneno mengine, sehemu inayolipa haihitaji ghala la miezi kumi na miwili wala mlinzi wa mwaka mzima, na sehemu inayohitaji ghala la mwaka mzima ndiyo isiyolipa kwa kaya ya kawaida. Kwa mama lishe hesabu itakuwa tofauti kabisa, na ni haki awe na mpango wake.

Kwa hiyo nitapeleka kikaoni mapendekezo yafuatayo: tuanze na ununuzi wa pamoja wa mahindi kati ya Juni na Julai, michango ikiwekwa kila wiki kuanzia sasa kama wanavyofanya Chang'ombe, mzigo upimwe unyevu kabla ya kulipiwa na ugawanywe siku unapofika, mafuta yaagizwe kila baada ya miezi miwili kwa wanaoyahitaji, na suala la ghala lenye ada liahirishwe mpaka tuone ni kaya ngapi zimenunua kweli. Anayejiondoa kabla ya ununuzi arudishiwe fedha zake zote.

Bado kuna jambo moja sijalipatia jibu. Mwenye uzoefu wa kukodi kipimo cha unyevu, au anayejua mahali hapa mjini ambapo kikundi kinaweza kupimiwa sampuli ya mahindi kabla ya kununua, naomba aandike hapa pamoja na gharama aliyolipa.

Mchangiaji wa Kibaigwa, mfanyabiashara wa nafaka

Kaka, wafanyabiashara wengi wa hapa sokoni wana kipimo hicho. Njooni wawili asubuhi kabla jua halijawa kali, na mchukue sampuli kutoka katikati na chini ya gunia, msiishie juu peke yake. Mimi nitawapimia bila malipo.