Bunduki ya .22 nusu-otomatiki ya bei nafuu kwa mwenye vizimba vya sato: nichukue, au shotigani?

Ngosha wa Kayenze (mleta mada)

Salaam wanajamvi. Nina vizimba vinne vya kufugia samaki aina ya sato huku Kayenze, Ziwa Victoria, mita sita kwa sita kila kimoja, na msimu huu mnandi, wale ndege wala samaki, wamenimaliza. Kukipambazuka tu wameshajipanga kwenye mabomba ya kizimba, mabawa wameyatandaza. Na si ndege peke yao. Mara mbili nimekuta kamba ya wavu imefunguliwa upande mmoja, na hiyo ni kazi ya mikono ya mtu.

Kuna jamaa ninayemfahamu anahama Mwanza na anauza bunduki yake anayoimiliki kihalali. Ni Marlin Model 60, ya .22 (risasi zile ndogo nyembamba), nusu-otomatiki, ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu. Anataka chini ya nusu ya bei niliyotajiwa kwa shotigani mpya, na risasi zake ni nafuu kuliko za bunduki yoyote niliyoulizia. Mjomba wangu anasema niachane nayo, ninunue shotigani ya mtutu mmoja. Rafiki yangu mwingine anasema nitafute .22 ya kukoki kwa mkono. Leseni sijaanza kuomba, nataka nijue kwanza ninaombea nini. Nilinganishieni. Nawasilisha.

Msukuma wa Ohio

Ngosha, hiyo bunduki naijua vizuri kwa sababu huku Marekani ndiyo waliyokuwa wakinunuliwa vijana wanaoanza kwa miaka mingi. Marlin walianza kuitengeneza mwaka 1960, na zimeuzwa mamilioni. Mshindani wake mkubwa ni Ruger 10/22 ya mwaka 1964, yenye magazini ya risasi kumi inayochomolewa. Halafu kuna za bei ya chini zaidi, kama Rossi RS22 kutoka Brazili, ambayo huku unaipata kwa chini ya dola 200.

Kwa ubora, Model 60 inapiga shabaha kuliko bei yake. Nimeipiga mita hamsini kwenye karatasi na matundu yakawa karibukaribu, kwa hiyo usidhani rahisi maana yake mbovu.

Ila ujue inavyofanya kazi. Haina gesi wala mtambo mgumu: mlipuko wenyewe ndio unaosukuma kifungio kurudi nyuma, kitoe ganda na kupakia risasi inayofuata. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, au bunduki ikiwa chafu, kifungio hakirudi hadi mwisho na ganda linabanwa katikati. Risasi za .22 nazo zina masizi na nta, zinachafua upesi. Ukichanganya na unyevu wa ziwa, hiyo ni bunduki ya kusafishwa kila baada ya kutumika. Ile ya kukoki kwa mkono haijali, mkono wako ndio unaoitoa ganda.

Kuna jambo la bomba pia. Magazini ya kuchomoa unaishika mkononi na kuona kama ina kitu. Bomba unalitoa, unainamisha, unatikisa, na bado unatakiwa kukoki mara kadhaa na kuchungulia ndani uhakikishe hakuna iliyobaki. Kwa mtu anayeshuka kwenye mtumbwi amechoka saa moja asubuhi, hapo ndipo makosa yanapotokea.

Kaka wa Buzuruga

Mimi natofautiana kidogo na wanaoipinga. Ndege hakai akusubiri ukoki. Ukikosa ya kwanza, nusu-otomatiki inakupa ya pili papo hapo bila kuondoa jicho kwenye shabaha. Sauti yake ni ndogo, haitashtua kijiji kizima. Haimpigi mtu bega, hata mke wako anaweza kuitumia. Na bei ndiyo hiyo. Mtaji wa vizimba ni mzito, chakula kinapanda kila siku, kwa nini mtu alipe mara mbili kwa ajili ya shotigani? Mimi ningechukua.

Mlinzi Mstaafu

Kaka wa Buzuruga, hapo kwenye mke naomba nianze napo, maana nimelinda kwa silaha miaka mingi na nimeona watu wema wakiingia matatani kwa kauli kama hiyo. Leseni ya silaha ni ya mtu. Si ya familia, si ya mradi, wala haimhamii mlinzi wako wa usiku unapokwenda kulala. Ngosha, jiulize nani hasa atakuwa kwenye vizimba saa nane usiku. Kama ni kijana uliyemwajiri, basi bunduki hiyo haitakuwa pale, au itakuwa pale kinyume cha sheria.

Pili, kununua kwa jamaa. Hati ya mauziano mliyoandikiana mbele ya mwenyekiti haitoshi hata kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala. Maombi yako yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na polisi ndio wanaosajili. Silaha isitoke mikononi mwake kabla hujapata kibali chako. Nenda naye kituoni kabla hujatoa hata shilingi, uulize wazi kama aina hiyo wataipitisha kwa sababu utakayoandika. Neno nusu-otomatiki linaulizwa maswali. Hata wageni wanaokuja nchini kuwinda huambiwa mapema wasilete nusu-otomatiki wala bastola.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Nusu-otomatiki ikishalia, risasi nyingine imeshaingia yenyewe na kifyatulio kiko tayari. Nchi kavu, umesimama imara, sawa. Kwenye mtumbwi unaoyumba, wimbi limekuja, umepoteza mhimili na kidole kiko ndani? Ile ya kukoki, au shotigani ya mtutu mmoja, baada ya mlio imekuwa gongo mpaka wewe mwenyewe uamue vingine.

Mvuvi wa Dagaa, Igombe

Nimesoma wote na nashangaa hakuna aliyetutaja sisi.

Ngosha, unasema mnandi wanakuja kukipambazuka. Saa hiyo ndiyo sisi tunarudi. Siku za giza la mwezi tunakesha na taa huko ndani, na alfajiri taa tumeshazima, tunapiga kasia au injini kuelekea mwaloni, pale tunaposhushia samaki. Wewe ukiwa kwenye kizimba na jua machoni hutuoni. Tunaonekana kama kijiti juu ya maji.

Risasi ya .22 ni kitu kidogo, uzito wake hata gramu tatu haufiki, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini inaruka zaidi ya kilomita moja na nusu mtutu ukiinuliwa. Na ikipiga maji kwa pembe ya chini haizami. Inadunda kama kijiwe tunachorusha watoto ufukweni, halafu inaelekea isikojulikana. Nimewahi kuisikia ikipita juu ya mtumbwi wetu. Aliyepiga alikuwa nchi kavu, alikuwa analenga ndege kwenye matete, na mpaka leo nina hakika hajui kwamba tulikuwepo. Mwenzangu alilala chali sakafuni mwa mtumbwi na hakuinuka mpaka tumegusa mchanga.

Shambani kuna mwinuko au kichuguu nyuma ya shabaha. Ziwani nyuma ya mnandi kuna nini? Kuna maji, na juu ya maji kuna sisi. Sijali ni ya bei gani wala inapiga mara ngapi kwa dakika. Bunduki inayorusha risasi nzima, iwe nusu-otomatiki au ya kukoki, kwa kutumia kwenye uso wa ziwa usinunue, nakuomba.

Ngosha wa Kayenze

Mvuvi, asante sana. Kusema kweli hilo la kudunda sikulijua kabisa, nilikuwa nahesabu kwamba nikipiga kuelekea ziwani ndiyo salama kwa sababu kijiji kiko nyuma yangu. Mlinzi, shikamoo, nimeelewa na ya leseni. Kwa hiyo shotigani? Marisau yake, zile chembe ndogo zinazotawanyika, hayafiki mbali, au nimekosea?

Babu wa Sengerema

Hujakosea. Marisau madogo, tuseme namba 6, yanakufa nguvu mapema. Ukipiga juu kabisa yanafika mita mia mbili na kitu, tena yakifika hapo yanadondoka kama mchanga. Kumpiga ndege kwa uhakika ni mita thelathini, arobaini basi. Nimekuwa na shotigani ya mtutu mmoja tangu kabla ya daraja la Kigongo–Busisi halijawazwa, na kwa shamba la mpunga siibadilishi na hiyo Marlin hata nikiongezewa. Inavunjika katikati, unaona kwa macho kama kuna risasi au hakuna. Ina vyuma vichache, kwa hiyo hata ya bei ya chini inadumu. Ukiipaka mafuta na kuiweka pakavu, atairithi mwanao.

Lakini kwa vizimba sikushauri, na nakwambia kwa kuumia. Mwanangu naye anafuga. Siku moja niliwapiga mnandi wawili waliokaa kwenye ukingo wa kizimba chake. Niliwapata. Kumbe marisau yaliyobaki yamepita kwenye wavu, chini kidogo ya maji, na nyuzi zimekatika mahali ambapo hukuweza kupaona ukiwa juu. Tulijua baada ya siku tatu, chakula kilipoanza kubaki kinaelea. Sato wakishapata tundu hawaagi. Ile hasara ilizidi ndege wa mwaka mzima.

Tena fikiria, marisau ya kawaida ni ya risasi yenyewe, ile madini. Unaitupa kwenye maji ambayo samaki wako wanakula humo. Wamarekani waliipiga marufuku kwa kuwindia ndege wa majini tangu 1991, kwa sababu bata walikuwa wanaimeza na kufa kwa sumu.

Mama Sato wa Ilemela

Ngosha mdogo wangu, mimi nina vizimba tisa na sijawahi kushika bunduki. Ngoja nikueleze nilichojifunza juu ya mnandi, maana naona mnajadili silaha kabla ya kumjadili ndege.

Yule unayemwona amekaa juu ameshashiba. Anakausha mabawa. Mnandi anawinda kwa kuzamia, anakuja kwa chini, anawadonoa sato kupitia wavu wenyewe. Asiowameza anawatia vidonda, na wale ndio unaowakuta wanaelea baada ya siku mbili ukadhani ni ugonjwa. Sasa utampiga nani? Ukiwaua watano, kesho wanakuja kumi kutoka kisiwani. Na kisheria ndege wa porini ni wanyamapori kama swala, hujipigii tu kwa sababu una leseni ya bunduki. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umweleze.

Nilichofanya mimi: wavu wa pili nje ya ule wa samaki, ukiwa mbali nao kama nusu mita, umevutwa kwa vizito usilegee. Mdomo wa mnandi haufiki tena kwa samaki. Fisi maji, yule mnyama wa majini anayekula samaki, naye akitafuna anatafuna huo wa nje kwanza, ninauona na kuushona. Juu nimefunika wavu wa macho mapana, umekazwa ili ndege asipate pa kusimama wala kunaswa. Nyavu zote hizo za vizimba vinne vyako sidhani zitazidi bei ya hiyo shotigani mpya, na hazihitaji kibali cha mtu.

Kwa wezi nina mbwa wawili kwenye jukwaa, taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akisogea, na walinzi wawili wanaopokezana wakiwa na simu zenye chaji. Tumekubaliana na majirani wa pande zote mbili: filimbi ikilia kwangu, injini zao zinawaka. Mwizi wa sato anakuja na mtumbwi wa kasia ili asisikike. Anachokiogopa ni kuzungukwa.

Kaka wa Buzuruga

Mama, nakubali kwa ndege. Kwa wezi bado naona mtu bila silaha ni mnyonge.

Mlinzi Mstaafu

Kijana wangu, .22 si silaha ya kumsimamisha mtu, na ni silaha ya kumuua. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Haitamzuia mwenye panga aliyekukaribia, lakini inaweza kumuua siku mbili baadaye hospitalini kwa tundu usilolidhania kitu. Halafu utasimama ueleze kwa nini ulimpiga mtu kwa sababu ya samaki, usiku, kwenye maji, wakati hukuona sura yake. Mitumbwi mingine inayosogelea vizimba usiku ni ya wavuvi waliopotezwa na upepo. Mimi ningeweka taa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Msukuma wa Ohio

Nakazia. Nilijibu kuhusu bunduki kwa sababu ndiyo iliyoulizwa, na sibadilishi: kwa pesa hiyo, kwa karatasi kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma, Model 60 ni ununuzi mzuri. Ningekuwa na shamba lenye kilima nyuma yake ningechagua ya kukoki kwa mkono, kwa hayo aliyosema Mlinzi. Kwa vizimba, hapana zote tatu.

Nyongeza kwa yeyote anayemiliki .22 tayari: ukivuta na isilipuke, usifungue haraka. Baruti ya kuwashia imo kwenye ukingo wa ganda, na isipoenea vizuri risasi inagoma mara nyingi kuliko za aina nyingine. Elekeza mtutu pasipo na mtu, hesabu nusu dakika, ndipo utoe.

Ngosha wa Kayenze

Nimemwambia jamaa atafute mnunuzi mwingine, na nimempa maneno ya Mlinzi kuhusu kwenda kituoni kabla ya kupokea pesa ya mtu. Alishukuru, maana naye alidhani hati ya mwenyekiti inatosha.

Jana nilizamia na mdogo wangu kukagua. Kizimba cha tatu kina matundu mawili chini, upana wa kiganja, kingo zimetafunwa. Kwa hiyo miezi yote hii nawalaani ndege, na fisi maji alikuwa anakula taratibu. Tumeshona.

Mama Sato, naomba msaada wa mwisho. Ule wavu wa nje unatumia macho ya inchi ngapi, na vizito unafunga mawe au unanunua?

Mama Sato wa Ilemela

Mimi natumia inchi mbili, nyuzi nene, usichukue wa kuvulia maana ni laini. Vizito natengeneza: chupa za lita tano nimejaza zege, nne kila pembe, moja katikati ya kila upande. Wavu nanunua pale Kirumba, ila pima mwenyewe kwa rula kabla ya kulipa. Ukija Jumamosi nitakuonyesha unavyofungwa, njoo asubuhi kabla upepo haujaanza.