Tupeane uzoefu: Mlengwa wa TASAF akizidiwa na marejesho hapa Tanga, aanzie wapi?

Mwana Makorora: Assalaam aleykum wakuu. Uzi huu ni kwa wanaoijua kazi: watendaji, mawakala, wahazini wa vikoba, wasaidizi wa kisheria. Visa vya majirani tuviache barazani, hapa tuweke hatua tu. Naanza na hesabu, maana wengi hukopa bila kuipiga.

Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wa riba kubwa na marejesho ya kila siku, wa laki moja. Wanakata elfu kumi ya fomu, mkononi unashika 90,000. Rejesho 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Kwa hiyo 90,000 imekugharimu 40,000 na mwezi haujaisha. Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni 3,500.

Sasa weka ruzuku ya TASAF, ile pesa ya mfuko wa serikali kwa kaya maskini. Tuseme kaya inapata 48,000 kwa malipo ya miezi miwili. Haitoshi marejesho ya siku kumi. Siku ya kumi na moja anakopa kwa mwingine amlipe wa kwanza, na deni limeshapata mtoto.

Wakala Mgandini: Kabla hamjafika mahakamani, tazameni laini. Pesa nyingi hupotelea hapo na mtu halaumu panapostahili.

Ruzuku ikiingia kwenye laini ambayo ina deni la kukamilisha muamala, ile huduma ya kutuma pesa zaidi ya salio, mfumo unalikata deni lake palepale. Hauulizi kama ni ruzuku au mauzo ya dagaa. Mlengwa anakuja dirishani na meseji ya 48,000, salio linasoma 31,000, anadhani wakala kamwibia. Mwambie afungue meseji ya pili, ile ya makato. Ipo.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, lipa hilo deni dogo kabla ya dirisha la malipo ya ruzuku kufunguliwa, hata kwa kidogo kidogo. Ya pili, laini ya ruzuku isiwe laini ya biashara wala ya mikopo. Ukitaka kubadili namba, usingoje siku ya malipo. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au mwezeshaji wa TASAF mapema, kabla orodha ya malipo haijaandaliwa, ukiwa na kitambulisho cha mlengwa na cha NIDA. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mpokeaji wa kaya mwenyewe. Namba iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mkwe hukwama, majina hayalingani.

Na jamani, namba ya siri! Mkopeshaji akishika laini au kadi ya benki "kama dhamana", hana dhamana huyo, ana mkono ndani ya mfuko wako. Laini iliyoshikwa unaitengenezea nyingine dukani kwa mtandao wako kwa alama ya kidole, ya zamani inakufa. Kadi, unaenda benki unaizuia na kuomba mpya.

Chumbageni Kona: Wakala umesema kweli. Swali langu: mlengwa anaweza kujitangaza muflisi madeni yakafutwa? Kuna mtu anawaambia akina mama wa Mabawa kwamba ukiwa TASAF huwezi kudaiwa.

Msaidizi wa Sheria: Huyo anawapoteza. Kuwa mlengwa hakufuti deni hata la shilingi mia. Wala kukopa si kosa la kukuondoa mpangoni, maana mpango wenyewe huwaunda walengwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopeshana.

Kuhusu ufilisi: Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ipo, na mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka ombi. Linapelekwa Mahakama Kuu, si Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikikubali inatoa amri ya kupokea mali, mpokezi rasmi chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, anazishika, unaandika taarifa ya kila ulichonacho na kila unayemdai au anayekudai, wadai wanakutana, unahojiwa mbele ya mahakama, ndipo unatangazwa muflisi. Kuachiliwa ni hatua nyingine, hakuji kwenyewe. Kabla hujaachiliwa, mali utakayoipata nayo inaweza kuchukuliwa wagawiwe wadai, na kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba u muflisi ni kosa.

Pima mwenyewe: ada, nakala, nauli, miezi ya kungoja, kwa deni la laki tatu. Sheria ile ilitengenezwa kwa mwenye mali ya kugawanya. Kaya ya TASAF haina cha kugawanya, na hicho ndicho kinachoilinda zaidi. Mkopeshaji akishinda kesi bado lazima akute kitu cha kukamata, na sheria imeshamfungia mengi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba ambayo mdaiwa anakaa na familia yake. Nyumba iliyowekwa rehani kihalali ni habari nyingine. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, lakini nako omba kulipa kwa awamu, na taja kiasi unachokiweza kweli. Ukisema elfu ishirini kwa wiki kwa aibu ya kusimama mbele ya watu, wiki ya tatu utakuwa umevunja amri.

Kifungo cha madai kipo pia. Ila kabla ya kumfunga mtu mahakama hutazama kama kashindwa kulipa kwa umaskini wa kweli au anaficha mali. Kitambulisho cha mlengwa na barua ya mtendaji ni ushahidi, vibebe. Polisi hawakusanyi madeni, deni ni madai, si jinai. Ukiitwa kituoni kwa rejesho, nenda na mjumbe wako, na usiandike ahadi yoyote pale kaunta.

Mzee wa Sahare: Niongeze la nyumba, maana Ngamiani nzima ni nyumba za urithi. Nyumba ya marehemu ambayo mirathi haijagawanywa si ya mtoto mmoja kuiweka dhamana, hata kama ndiye anayekaa humo. Na nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Wakopeshaji wanajua hayo, ndiyo maana wanakusainisha karatasi ya *mauziano* badala ya mkopo, tarehe wakaiacha wazi. Karatasi yenye nafasi tupu usiitie kidole. Umeshatia? Peleka taarifa ya maandishi kwa mwenyekiti wa mtaa na ndugu warithi leo, si siku dalali amesimama mlangoni.

Dalali akija muombe vitu viwili: kitambulisho chake cha udalali wa mahakama na amri yenye muhuri. Hana? Basi ni kijana wa mkopeshaji tu. Godoro halitoki.

Mhazini wa Kikoba: Upande wa kikoba ni tofauti, msivichanganye. Kikoba kilichosajiliwa halmashauri ni daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kina katiba. Soma kipengele cha kushindwa kulipa. Vingi vinakata hisa zako kwanza, kinachobaki kinawaangukia wadhamini. Hisa 120,000, deni 180,000: kikikata, unabaki unadaiwa 60,000, na hiyo ndiyo uombe kuipanga upya. Omba kwenye kikao, iandikwe kwenye daftari. Ukimnong'oneza mwenyekiti njiani hakuna kilichoandikwa. Mfuko wa jamii kwa kawaida ni wa msiba na ugonjwa, lakini angalieni, baadhi ya katiba zinaruhusu ukope humo bila riba.

Mpangilio wangu wa kulipa: chakula na sare kwanza, maana mahudhurio ya mtoto shuleni yakishuka chini ya asilimia 80 na ruzuku ya masharti inakatwa, kisha kikoba, kausha damu mwisho. Watu hufanya kinyume kwa sababu kausha damu ndiye anayepiga kelele.

Chumbageni Kona: Na mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi je? Haina riba.

Mhazini wa Kikoba: Haina riba, kweli, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Lakini kwa wengi ni ya kikundi, na ni ya mradi. Ukiichukua kulipia kausha damu, wenzako wote wanadaiwa kwa ajili yako. Usifanye.

Mzee wa Sahare: Msisahau msikitini. Mdaiwa aliyeshindwa ni fungu mojawapo kati ya manane ya zaka. Peleka orodha ya madeni kwa imamu kabla ya Ramadhani, watoaji wengi hugawa mwezi huo.

Wakala Mgandini: Orodha hiyo iwe hivi: jina la mkopeshaji, pesa uliyoshika mkononi, uliyokwisha kulipa, tarehe. Nne tu. Mwenye kausha damu ukimwekea namba mbili za katikati, 90,000 na 105,000, mara nyingi anaanza mwenyewe kuzungumzia kusamehe faini. Akikubali kufunga deni, aandike "amemaliza", asaini, na akurudishie karatasi yako halisi, si kopi. Rejesho la mwisho lipa kwa simu, meseji ibaki.

Mwana Makorora: Na kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, mtu anajuaje?

Msaidizi wa Sheria: Mwenye leseni anatakiwa kuibandika ofisini mahali panapoonekana. Isipoonekana, muombe uione, kisha ulinganishe jina na orodha ya Benki Kuu mtandaoni. Jina lisilokuwemo, peleka malalamiko kwa maandishi Benki Kuu na nakala kwa afisa biashara wa jiji. Ambatanisha picha ya kadi ya marejesho, pande zote mbili.