Tupeane uzoefu: swali la jenetiki au fizikia lililokutoa jasho

Bodaboda wa Buhongwa: Wakuu mwangaluka. Jana usiku nimetoka zangu kijiweni nimechoka, nafika nyumbani mdogo wangu wa kidato cha nne ananisubiri na madaftari mawili. La kwanza baiolojia, baba AS mama AS, yaani kila mmoja kabeba jeni moja ya selimundu ila haumwi, watoto watatu wa mwanzo wazima, je wa nne lazima azaliwe na selimundu? La pili fizikia, samaki anaonekana yuko mita 1.5 chini ya maji, refraktivu indeksi ya maji, yaani kipimo cha maji yanavyopinda mwanga, ni 4/3, kina chake halisi ni ngapi? Mimi fizikia nilipata F sikatai, nikajifanya naenda kuoga nikakaa bafuni nusu saa nikijua atalala. Hajalala. Hebu tupeane uzoefu, wewe ni swali gani lilikuumbua, na anayejua haya mawili anisaidie kabla ya jioni.

Kirumba Damu: Bafuni 😂😂 Mimi nazima swichi kubwa nasema umeme umekatika.

Mtoto wa Visiwani: Samaki yuko mita 2. Chukua 1.5 zidisha 4/3, kwisha. Ila mimi hiyo mada sikufundishwa na mwalimu, nilifundishwa na mjomba Ukerewe, mtu wa darasa la tatu. Tulikuwa kwenye matete tunawinda kamongo kwa mkuki, narusha nakosa, narusha nakosa, mara ya nne akaninyang'anya mkuki akasema huyo unayemwona siye, mwenyewe yuko chini yake, lenga chini. Akachoma mara moja tu. Nafika kidato cha tatu naambiwa mwanga unapinda ukitoka majini kuja hewani ndio maana kitu kinaonekana kiko juu kuliko kilipo, nikacheka peke yangu darasani nikatolewa nje.

Fundi Thermosi: Uzi huu umenikumbusha machungu. Kidato cha pili, prakti ya kuchemsha maji, shule siitaji. Kipimajoto chetu kikapanda mpaka 96 kikagoma, maji yanatokota kabisa, mapovu hayo, tukaongeza moto wapi, 96. Mimi kwa ujinga wa ukweli nikaandika 96. Wenzangu wote walishapika data, wameandika 100 hata jiko halijawashwa. Mwalimu akaniita mbele akasema huyu kijana ana maji yake ya peke yake, yanachemka anavyotaka yeye, darasa zima likacheka, nikaitwa Tisini na Sita mpaka namaliza shule, hata harusini kwangu emsii alinitambulisha hivyo. Nimekuja kuelewa chuoni kwamba hili ziwa letu lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa huku ni ndogo, kwa hiyo maji ya Mwanza yanachemka kwenye 96 hivi. Kipimajoto kilikuwa kizima. Mwalimu ndiye alikuwa wa Dar.

Mzaramo Halisi: Sisi tumeingiaje tena hapo? Silabasi inasema 100, angeandika 100 asingeteseka.

Fundi Thermosi: Silabasi inasema 100 kwa presha ya usawa wa bahari, soma mstari mpaka mwisho.

Njegere Mbichi: Kupika data kumeanza zamani wakuu. Mendel, yule mtawa mwanzilishi wa jenetiki, alihesabu njegere laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850, gawanya utapata 2.96, karibu kabisa na tatu kwa moja ya kanuni yake. Mwaka 1936 mtaalamu wa takwimu Fisher akazipigia hesabu data zake akasema zimenyooka mno kuliko kawaida.

Kirumba Damu: Yaani hata mtawa wa kanisa?

Mayu wa Nyegezi: Nyie mnalia na samaki, mimi houmuweki ya jenetiki ilitaka kuvunja nyumba. Mwalimu kasema kukunja ulimi kama mrija ni jeni dominanti, yaani ukiipata kwa mzazi mmoja tu lazima ionekane, nendeni nyumbani mkaangalie nani anakunja nani hakunji mchore ukoo. Mimi nakunja. Usiku tuko kwenye ugali na sato naanza, baba toa ulimi. Katoa, bapa kama kandambili. Mama, bapa. Mimi na kiherehere changu nikasema mbele ya watu wote basi haiwezekani, lazima mmoja wenu akunje, mimi nimeutoa wapi? Kimya. Mara bamdogo tuliyekuwa tunaishi naye, wala hakuulizwa, akatoa wake, umekunjika kuliko wangu. Jamani. Baba akaweka tonge chini akanawa. Wiki tatu hakula nyumbani, mama akahamia chumba cha wasichana, bamdogo akapangishiwa geto Mkolani. Houmuweki nilipata kumi kwa kumi.

Kirumba Damu: Kumi kwa kumi 💀

Mzaramo Halisi: Majibu yako wazi, mpigie bamdogo shikamoo baba.

Mtoto wa Visiwani: Shika adabu, ni mama wa mtu huyo.

Mayu wa Nyegezi: Bibi mzaa baba alikuja kutoka Magu kusuluhisha, naye akatoa ulimi, anakunja. Ndio kikao kikaisha.

Njegere Mbichi: Bibi hasaidii. Ingekuwa dominanti kweli, baba asiyekunja hana cha kukurithisha. Ila hiyo hoja ya ulimi yenyewe ni mbovu. Sturtevant, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, aliileta mwaka 1940, baadaye wakapimwa mapacha wa kufanana, wapo ambao mmoja anakunja mwenzake hawezi. Mwaka 1965 mwenyewe akaandika kwamba anaona aibu vitabu kuendelea kuitaja.

Mayu wa Nyegezi: Huyo mzungu angempigia simu baba mwaka ule. Mimi na baba tumefanana mpaka vidole vya miguu.

Nesi wa Zamu: Mmeacha swali la mtoto. Wa nne SI LAZIMA. Kila mimba ni robo kuwa SS, yaani mgonjwa, nusu AS kama wazazi, robo AA asiye na jeni hiyo kabisa, mimba haijui waliotangulia. Wanaweza kuzaa watano wote wazima, au wawili wa mwanzo wote SS, nimewaona wodini, na kila mara mama ndiye anaambiwa ana mkosi wakati jeni zimetoka kwa wote wawili. Kanda yetu hii ya Ziwa selimundu ni nyingi, pimeni kabla ya mahari.

Kirumba Damu: Mimi nikimwambia tukapime ataniacha.

Nesi wa Zamu: Akuache.

Mzaramo Halisi: Au oa huku Pwani.

Nesi wa Zamu: Na huko ipo, kapime.

Bodaboda wa Buhongwa: Nawashukuru wakuu, dogo kasoma uzi wote kwenye bega langu. Samaki kaandika mita 2, selimundu kaandika robo. Sasa hivi amesimama mbele ya kioo anatoa ulimi na bi mkubwa anamuuliza kuna nini.